Mtoto wa baiskeli amegongwa na gari: maswali ambayo wazazi huuliza

Majibu haya ni ya wazazi na walezi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, hasa wanaoishi kando ya barabara kuu ya TANZAM, kuanzia Ipogolo hadi Tunduma, ambako mtoto wa baiskeli, bajaji na semitrela wanagombea lami moja. Kama ajali imetokea sasa hivi, soma maswali matatu ya kwanza tu. Mengine yatasubiri.

Nimefika eneo la ajali, mtoto yuko chini. Nianze na nini?

Anza na magari, siyo mtoto. Weka watu wawili wasimamishe magari pande zote mbili, mita kama hamsini au zaidi kutoka alipolala, na zaidi ya hapo kama ni kwenye kona au mteremko. Majeruhi kugongwa mara ya pili si jambo geni, na kwenye ukungu wa asubuhi wa Uyole au Makambako dereva anayekuja hakuoni mpaka amekufikia.

Kisha angalia kama anapumua na kama anajibu. Asiyejibu, au anayelalamika shingo au mgongo, asiinuliwe wala kukalishwa. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili kisicheze, na asiachie. Akitapika, mgeuzeni ubavu watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda kwa wakati mmoja.

Damu inayotoka kwa nguvu huzuiwa kwa kukandamiza. Chukua kanga au kitambaa safi, bonyeza moja kwa moja juu ya jeraha dakika kumi bila kufunua kuchungulia; kila ukifunua unaondoa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Mfupa uliotokeza nje funika tu, usiurudishe ndani. Halafu mfunike mtoto mwili mzima kwa blanketi au koti, maana aliyepoteza damu akipata baridi damu yake huganda kwa shida zaidi, na baridi ya Mafinga mwezi wa Julai haihitaji kuelezwa.

Asipewe maji, chai wala soda. Huenda akahitaji upasuaji.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Ameinuka mwenyewe, anasema hajaumia. Bado nimpeleke hospitali?

Ndiyo, siku hiyohiyo. Mtoto aliyegongwa huwa na hofu mbili: ya maumivu na ya kuchapwa kwa kuharibu baiskeli. Ya pili humfanya aseme "sijaumia" huku anachechemea. Isitoshe, majeraha mawili yanayowatesa zaidi watoto wa baiskeli, la ndani ya kichwa na la ndani ya tumbo, yanaweza kukaa kimya kwa saa nyingi. Kusimama mwenyewe kunathibitisha tu kwamba miguu imeweza kumbeba.

Nimsafirishe vipi, na hospitali gani?

Kama mnashuku shingo, mgongo, nyonga au paja, mlazeni kwenye ubao au mlango uliong'olewa, kanga zilizokunjwa zikikaza kichwa pande zote mbili, ndani ya gari ambamo anaweza kulala. Pikapu inafaa. Bodaboda haifai, na kumpakia mshikaki katikati ya watu wawili ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu shingo inayumba kila tuta.

Nenda kituo cha karibu chenye daktari wa zamu, kisha rufaa ifuate. Mbeya mjini na Uyole wengi huishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, yenye CT scan (mashine ya picha za ndani ya mwili). Mbalizi kuna Ifisi. Kwa walio kati ya Igurusi na Igawa kuna Chimala, Wanging'ombe kuna Ilembula, Makete kuna Ikonda. Iringa kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na nje kidogo ya mji Tosamaganga. Aliyepoteza fahamu akiletwa zahanati, zahanati ifanye ya kwanza (njia ya hewa, damu, dripu) na kuita gari. Msikae hapo mkisubiri "aamke".

Wanataka PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi). Bila hiyo hatibiwi?

Majeruhi wa dharura hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Ukiambiwa vinginevyo, omba kuonana na daktari wa zamu au mganga mfawidhi, kwa upole lakini bila kuondoka. Wakati huohuo mtume ndugu kituo cha polisi akaichukue. PF3 haiuzwi.

Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza majeraha, kisha fomu hurudi polisi. Hapo ndipo wazazi wengi hupoteza karatasi yao muhimu kuliko zote: wanairudisha bila kutoa kopi. Toa kopi mbili kwanza. Soma pia alichoandika daktari. Kama mtoto ana maumivu ya goti na fomu inataja michubuko ya uso tu, mwambie aongeze kabla hajasaini. Jeraha lisiloandikwa siku ya kwanza ndilo bima hulihoji baadaye.

Aligonga kichwa, tumeruhusiwa kwenda nyumbani. Niangalie nini?

Saa 48 za mwanzo mtoto asiachwe peke yake. Mrudishe hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya: anatapika zaidi ya mara moja, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, anachanganya maneno au hawatambui watu, degedege, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kuwa dhaifu, damu au maji meupe kutoka puani au sikioni, weusi unaojitokeza kuzunguka macho au nyuma ya sikio.

Kulala siyo hatari, na kumnyima mtoto usingizi usiku kucha humchosha bure. Hatari ni asiyeamshika. Usiku wa kwanza mwamshe kila baada ya saa mbili au tatu, muulize jina la mwalimu wake au yuko wapi, hakikisha anajibu sawasawa, kisha mwache alale.

Kwenu kukiwa mbali, tuseme Ileje au vijiji vya Makete ambako usiku hakuna usafiri, usiku huo lala kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Gharama ya kulala mjini ni nafuu kuliko kutafuta gari saa nane za usiku.

Na tumbo?

Hili husahaulika, kwa sababu mara nyingi hakuna damu. Baiskeli ikisimama ghafla usukani hujigeuza, na ncha yake humchoma mtoto tumboni kwa uzito wake wote. Mvue shati kwenye mwanga mzuri. Tafuta alama ya mviringo, ndogo kama kifuniko cha soda, juu ya kitovu au chini ya mbavu. Ngozi inaweza kuwa imechubuka kidogo tu, huku wengu, ini, kongosho au utumbo vimeumia ndani.

Ukiiona alama hiyo, mwonyeshe daktari kwa kidole na useme wazi kwamba ni usukani. Ataamua kuhusu ultrasaundi na kumlaza kwa uangalizi. Ultrasaundi safi ya saa ya kwanza haimalizi habari, kwani majeraha ya kongosho na utumbo mwembamba yanaweza kujionyesha siku moja hadi tatu baadaye kwa kutapika, hasa matapishi ya kijani, tumbo kuwa gumu, homa, au mtoto kujikunja akikataa kutembea. Maumivu ya bega la kushoto bila bega kuumia yanaweza kuwa damu ya wengu. Mkojo wenye rangi ya damu ni figo au kibofu. Zote ni safari ya hospitali, wala si za kungoja asubuhi.

Dawa gani ya maumivu nimpe?

Paracetamol, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 300. Kwa dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 12.5. Soma chupa, kwani nguvu hutofautiana. Usimpe aspirini. Diclofenac na ibuprofen ziache mpaka daktari aseme hakuna damu inayovuja ndani.

Michubuko imejaa changarawe. Niiosheje?

Maji safi yanayotiririka, mengi, na sabuni ya kawaida kuzunguka jeraha. Changarawe zisizotoka ziondolewe hospitali kwa ganzi. Zikibaki huacha madoa ya kudumu chini ya ngozi na usaha. Dawa ya meno, majivu, kahawa na mafuta ya taa viache jikoni.

Beba kadi ya kliniki. Chanjo za utotoni zenye kinga ya pepopunda hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu aliyeishia hapo amevuka miaka mitano tangu dozi ya mwisho. Jeraha lenye udongo au samadi linamhitaji achomwe tena. Uliza, usisubiri wakumbuke.

X-ray imeonyesha hakuna kilichovunjika, lakini bado hakanyagi.

Mifupa ya watoto ina sehemu laini karibu na viungo, ambapo urefu huongezeka. Ufa wa hapo unaweza usionekane kwenye X-ray ya kwanza. Kama bado anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe, mguu ufungwe usicheze na apigwe picha tena baada ya siku 7 hadi 14. Ufa huo ukipuuzwa, mguu mmoja unaweza kukua mfupi au kupinda.

Akifungwa P.O.P (plasta ngumu ya mfupa), mara kadhaa kwa siku bonyeza ukucha wa kidole chake hadi uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Vidole vikivimba, vikawa baridi, vikafa ganzi, au maumivu yakazidi anaponyooshewa vidole, plasta inabana. Rudi saa hiyohiyo. Ukichelewa saa chache misuli hufa.

Kuhusu waganga wa jadi wa mifupa: watu wanawaamini, na wengine wana mikono mizuri. Ila kamba na vijiti vilivyokazwa juu ya mguu unaoendelea kuvimba hufanya kilekile cha plasta inayobana, na nyumbani kwa mganga hakuna atakayekimbia kuikata. Mfupa wa mtoto upigwe picha kwanza.

Jino limeng'oka zima.

Kama ni la ukubwani (ya mbele huota kati ya miaka 6 na 8), lishike sehemu ya kutafunia, lisuuze kidogo bila kusugua mzizi, liweke ndani ya maziwa na ufike kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi.

Niandike nini kuhusu gari?

Namba ya gari, jina la dereva na namba ya leseni, simu yake, jina la mmiliki, saa, mahali. Kwa malori piga picha namba ya kichwa na ya tela pia. Ni namba mbili tofauti. Piga picha baiskeli ilipoangukia, alama za tairi, na vioo vilivyovunjika kabla havijafagiliwa. Chukua simu za mashahidi wawili: muuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara ni shahidi bora kuliko abiria ambaye kesho yuko Dar es Salaam.

Usiku huohuo, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kwenye simu yako. Utaona kama gari lina bima hai, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Hifadhi picha ya ukurasa huo. Bima iliyokatwa saa mbili baada ya ajali si bima ya ajali hiyo.

Dereva ameondoka.

Kisheria anatakiwa asimame, asaidie na atoe taarifa. Wapo wanaokwenda moja kwa moja kituo cha polisi wakihofia kipigo, kwa hiyo uliza vituo viwili vya karibu kabla ya kumwita mtoro. Ndiyo maana pia wazuie vijana wasimguse dereva wala gari. Akipigwa, mnakuwa na kesi mbili, na moja ni yenu. Lori lililokimbia haliendi mbali bila kupita mizani. Wape polisi haraka namba, rangi na uelekeo, iwe ni mizani ya Wenda, Makambako au Mpemba.

Polisi watafanya nini, na mimi niulize nini?

Trafiki hupima eneo na kuchora ramani ya ajali, gari hukaguliwa na mkaguzi wa magari, maelezo huchukuliwa. Wewe ondoka na namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na jina la mpelelezi. Baiskeli isitengenezwe wala kuuzwa vyuma chakavu kabla haijaonwa. Uma (chuma kinachoshika tairi la mbele) uliopinda unaweza kuonyesha upande ambao gari lilitokea. Mtoto asihojiwe akiwa peke yake, na asihojiwe akiwa na dawa za usingizi.

Dereva ni mtu mwema, anataka tumalizane. Nikubali?

Pokea msaada wa matibabu, usipokee mwisho wa shauri. Tofauti iko kwenye karatasi. Andika: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya matibabu ya mwanangu, kiasi hiki si fidia ya mwisho." Msaini wote, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Wala usisaini karatasi yenye maneno "sitadai tena" kabla daktari hajasema matibabu yamekwisha. Kwa mfupa uliovunjika hiyo ni miezi, siyo wiki.

Ubaya wa kumalizana siku ya tatu ni kwamba hakuna anayejua gharama. Laki mbili zinaonekana nyingi wodini; chuma cha mguuni kikihitaji kutolewa mwakani zitaonekana nauli. Zaidi ya hapo, bima nyingi humkataza mteja kukiri kosa au kukubaliana malipo bila kampuni kujua, hivyo mapatano yenu ya pembeni yanaweza kumfungia mtoto mlango wa bima. Na ukishataarifu polisi, kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Huwezi kuiuza wala kuifuta wewe.

Bima ya gari inalipa nini?

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila gari, na mwanao ndiye huyo mtu wa tatu. Madai yanaweza kuhusu matibabu, usafiri, maumivu, ulemavu na baiskeli. Tayarisha kopi ya PF3, taarifa ya polisi ya ajali, ramani ya eneo, ripoti ya ukaguzi wa gari, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya daktari ya hali ya mwisho, hukumu kama kesi ilifika mahakamani, na risiti. Risiti ndizo zinazopungua kila mara. Malipo ya control number chapisha siku hiyohiyo, na bajaji ya kwenda kliniki iandikie daftari: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi.

Peleka barua na nyaraka ofisi ya kampuni, kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, kuna TIRA na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa asiyeweza kulipa wakili, wasaidizi wa kisheria wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Na ukishindwa bili ya hospitali, muone Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali kabla ya siku ya kuruhusiwa.

Gari ni la Zambia au Kongo. Au ni la Serikali.

Lori la nje, tafuta kadi ya njano ya COMESA: andika namba yake, kampuni na tarehe ya mwisho. Fanya hivyo kabla halijaachiwa, kwa sababu likishavuka Tunduma hamna cha kushika. Gari la Serikali, kabla ya kufungua shauri la madai hutolewa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa. Hapo usiende bila mwanasheria.

Wanasema mtoto ndiye aliyejitosa barabarani.

Inawezekana kweli. Lakini kosa la mtoto linaweza kupunguza fidia bila kuifuta, na dereva anayepita kwenye makazi, ambako mwendo ni kilomita 50 kwa saa, anatarajiwa kuona watoto. Usikiri chochote kwa niaba ya mtoto ukiwa na hasira naye. Eleza ulichokiona, kama hukuona, sema hukuona.

Nina muda gani wa kudai?

Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa mtoto, sheria ya ukomo huhesabu kuanzia anapofikisha miaka 18, na kabla ya hapo mzazi anaweza kufungua shauri kwa niaba yake. Hilo lisikupe usingizi. Dereva huhama, shahidi husahau na faili la polisi hupotea.

Ameanza kukojoa kitandani na hataki kwenda shule.

Wiki chache za mwanzo ni kawaida: ndoto mbaya, kushtuka honi ikilia, kung'ang'ania mzazi. Asichapwe wala kutaniwa. Ikivuka mwezi, rudi hospitali uliposhughulikiwa. Aliyeumia kichwa arudi darasani taratibu, nusu siku kwanza, na mpira wa miguu usubiri mpaka kichwa kisiume tena hata akisoma au akikimbia. Mwandikie mwalimu barua, siyo ujumbe wa mdomo kupitia dada yake.

Baiskeli inatengenezeka?

Itazame ubavuni. Uma wa mbele ukirudi nyuma, tairi husogelea bomba la fremu. Uma wa namna hiyo hununuliwa mwingine. Fundi atasema ataunyoosha kwa bomba, na ataunyoosha kweli, lakini chuma kilichopinda na kurudishwa hukatika siku ya mteremko. Angalia rangi iliyokunjamana au kupasuka pale mabomba yanapoungana chini ya usukani. Hapo fremu imekwisha. Rimu inayoyumba na kugusa breki inaweza kukazwa spoki. Helmeti iliyogonga lami haivaliwi tena hata ikionekana nzima. Mwisho kagua ncha za usukani: ziwe na vifuniko vya mpira vinavyobana, kwa sababu bomba tupu ndilo linalokata tumbo.